Mubangi wa Mahame

Chukua ua moja la mubangi ulitie kiganjani. Ni kifuko chembamba, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele, kijani kinachoelekea manjano. Ubavuni kina vistari na vitone vya rangi ya machungwa, na humo ndimo mafuta yake yanamokaa. Nchani huchungulia petali mbili au tatu, fupi, zenye umanjano uliopauka. Mtu aweza kupita katikati ya maelfu ya maua haya asijue kwamba amepita penye maua.

Harufu ndiyo haimpiti mtu. Nitaielezaje kwa asiyeijua? Ina ukali wa ndimu, ina mafuta ya taa kwa mbali, ina utamu wa tunda lililoiva likapitiliza. Ukiung'oa mubangi asubuhi, jioni ukimega ugali harufu ingali vidoleni. Kwa sisi tuliolelewa upande wa Njoro, Elburgon na Molo, hiyo ndiyo harufu ya Desemba: shule zimefungwa, mahindi yamevunjwa, mabua yamelazwa, na katikati ya mistari mubangi umesimama kwa kimo cha mtu mzima, umechanua, ukingoja kukauka.

Ukikauka, kile kifuko hupasuka. Mbegu zake ni nyeusi, nyembamba, zenye vinywele vigumu kichwani. Hushika soksi, hushika pindo la leso, manyoya ya kondoo, mkia wa ng'ombe, uzi wa gunia. Hivyo ndivyo zinavyokwenda mbali. Humkamata apitaye, na anapoketi kujipangusa, hapo ndipo panapokuwa kwao.

Sijawahi kuutazama mmea huu bila kuwafikiria watu.

Ulitoka Amerika Kusini, huko Argentina, Paraguay, Bolivia na Peru. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Tagetes minuta. Wakulima wengi hapa kwetu huuhusisha na Meksiko, ambako si kwao. Afrika Kusini husimuliwa kwamba uliingia na nyasi kavu za farasi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, na kwamba wenyeji waliupa jina la kaki kwa sababu ya sare za askari hao. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1908 msafara wa familia za Makaburu ukiongozwa na Jansen van Rensburg ulishuka kwenye gari moshi hapa Nakuru, ukafunga ng'ombe kwenye magari ya kukokotwa na kupanda kuelekea Uasin Gishu. Nani aliyekung'uta mablanketi yale? Nani aliyechunguza magunia ya shayiri, mikia ya farasi, pindo za magauni marefu? Kila behewa lililosimama Nakuru lilibeba vumbi la mahali pengine, na vumbi haliulizwi cheti.

Reli hiyohiyo ndiyo iliyomleta babu yangu kutoka Kiambu, aje kukamua ng'ombe wa mzungu.

Nasema hivi kwa sababu ninataka kuomboleza kitu, na kila nikianza ninajikuta ndani ya kitu chenyewe. Kabla ya jembe, bonde hili lilikuwa la nyasi. Nyasi zile ambazo jua la kiangazi huzigeuza rangi ya kutu, zikainama zote upande mmoja upepo ukishuka kutoka Mau. Mizizi yake ilishikana hivi kwamba mbegu ngeni, hata ikidondoka hapo, ilikosa udongo wa kugusa. Mubangi hautaki ardhi iliyofumbwa. Unataka palipochimbwa, palipopigwa haro, palipokanyagwa, penye majivu. Unataka jeraha.

Na jeraha lilikuja kwa karatasi kwanza. Agosti 1904 Olonana na wazee wengine wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye mkataba, na watu wao wakaondolewa katikati ya Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikabaki kwa walowezi. Walioelekezwa Laikipia waliahidiwa kwamba hapo patakuwa pao kwa muda wote ambao kabila lao litaishi. Miaka saba baadaye, 1911, wakaandikiwa mkataba mwingine wa kuhama Laikipia. Ole Gilisho, mmoja wa viongozi wao, akaenda kortini, na mwaka 1913 kesi ikatupwa. Wakati huo mlowezi Lord Delamere alikuwa amekwisha fungua shamba lake Njoro, akajaribu kondoo, akajaribu ng'ombe, kisha akageukia ngano. Zulia la nyasi likapasuliwa mfuo kwa mfuo.

Mubangi haukumfukuza mtu yeyote. Ulikuta pamefunguliwa, ukaingia. Je, hilo latosha kuutoa lawamani? Na ikiwa latosha, latutoa na sisi, wajukuu wa walioletwa kuukamata mpini wa jembe lile? Nimelibeba swali hili muda mrefu na bado halijapata pa kulitua.

Hizo nyasi sikuziona. Nimeziona vipande vipande tu, kando ya reli, ndani ya ua wa Mbuga ya Nakuru, kwenye miteremko ya Soysambu. Yawezekana mtu kufiwa na asichowahi kuwa nacho? Ukipita Gilgil kuelekea Elementaita utakutana na leleshwa, majani yake ya rangi ya fedha, harufu yake ya kafuri. Huyo ni wa hapa tangu hapo. Wamaasai waliyatia majani yake kwapani, wakayatandika chini wakayalalia. Nikishuka kwenye matatu nikayafikicha majani hayo ninajua kwamba nanusa kitu cha kale, cha heshima, na moyo wangu unanyamaza tu. Kisha upepo unageuka, unaleta mubangi kutoka shamba la jirani, na macho yananilenga machozi. Ninaupenda mmea usiostahili kupendwa na mpenda nyasi. Nani hupangiwa cha kumtoa machozi?

Shosho, bibi yangu, alikuwa na mkono mwepesi wa kupalilia, lakini mubangi wote hakuutupa. Alibakiza mafungu. Moja alilitandika kwenye viota vya kuku kwa ajili ya utitiri, lingine chini ya viazi ghalani ili nondo wasivitoboe, na lingine alilifunga likawa ufagio wa kufagilia viroboto. Ng'ambo ya kijito aliishi mama mmoja Mkalenjin, rika lake, ambaye sote tulimwita Kogo. Kogo naye alifanya vilevile. Walipeana mbegu za viazi, walipeana majogoo, wakikatiana mubangi walikatia popote ulipokuwa mrefu, kwa huyu au kwa yule, bila kubisha hodi.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba huko Peru mubangi ni kiungo cha chakula. Huuita huacatay, huusaga pamoja na pilipili, na mchuzi wake humwagwa juu ya viazi vilivyochemshwa. Juu ya viazi! Na viazi vyenyewe ni vya milima ya hukohuko, ya Andes. Mahindi yetu yalitoka Meksiko, maharagwe yetu bara hilohilo. Kwa hiyo lile shamba la shosho, lililokuwa kwangu kielelezo cha nyumbani, lilikuwa kikao cha wageni watupu waliovuka bahari kwa nyakati mbalimbali wakakutana tena kwenye udongo mwekundu wa Molo. Kiazi na mubangi walikuwa majirani kabla hawajatujua sisi. Jembe likaja likamfukia mmoja kwa upendo na kumng'oa mwingine kwa hasira, kwa sababu mmoja tulimwalika, mwingine alijialika.

Hapa kalamu yangu huwa nzito, maana neno linalofuata si neno la shambani tu. Kwetu Bonde la Ufa watu waliwahi kuitwa madoadoa, na waliwahi kuitwa kwekwe. Ilikuwa mapema katika miaka ya 1990, Molo na Olenguruone zilipowaka. Ikawa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na safari hiyo nchi nzima iliona. Tume ya Jaji Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, ambako tulikuwa tukipelekwa na shule kutazama ng'ombe walioshinda utepe, ukajaa mahema. Mwaka 2022, uchaguzi mwingine ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa yalikuwamo. Kwekwe ilikuwamo.

Nifanyeje basi na mmea? Ninauinamia na jembe mkononi, na neno linafika mdomoni kama kawaida ya kila mpalilizi, kisha ninalimeza.

Sisemi kwamba mubangi hauna madhara. Ng'ombe akiula, maziwa hunuka. Mbegu zake zikichanganyika na nafaka, unga huharibika ladha. Shamba la mahindi lililoachiliwa majuma machache ya mvua hugeuka msitu wake, na mkulima wa ekari moja ambaye ada ya shule iko kwenye mahindi hayo hana nafasi ya tafakari kama hii yangu; hung'oa, na ana haki. Mmea si mtu. Wanaopigana na mimea vamizi kandokando ya barabara za mbugani hawamchukii yeyote. Hayo yote nayajua, na ninayasema kwa moyo mmoja. Lakini kujua hakuondoi baridi inayonishika nikisikia mtu akisema, juu ya chochote kile, kwamba hiki si cha hapa, kirudi kilikotoka.

Kwa sababu hapa ni lini?

Simama juu ya Menengai utazame chini. Ziwa Nakuru la utoto wangu lilikuwa na ukingo wa waridi, heroe wamekaa hadi maji hayaonekani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yalipanda, yakafunika lango la zamani la mbuga, yakaizingira migunga na kuiua imesimama. Heroe wengi walihamia maziwa mengine. Sisi tuliona kama dunia imeharibika. Ila miaka elfu kumi hivi iliyopita, Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja, lenye kina kikubwa, na Pango la Gamble, ambalo Louis Leakey alilichimba katika miaka ya 1920 akitafuta zana za mawe, lilikuwa jirani na ufuo wake. Sehemu ya mahali pa zile nyasi ninazoziomboleza ilikuwa chini ya maji. Nyasi nazo zilikuta pamefunguliwa, zikaingia.

Basi nikisema ninataka kurudishiwa, ninataka mwaka gani? Wa 1903, kabla ya mkataba? Katika mwaka huo mimi simo, wala babu, wala kiazi. Wa 1991, kabla ya moto wa kwanza? Wa 2007, mwezi wa Novemba, wakati Kogo na shosho walikuwa bado wanakatiana mubangi? Ninajua jibu la moyo wangu, na ninajua pia kwamba moyo huchagua mwaka ambao maumivu ya wengine yalikuwa yameshafunikwa na majani. Kila niliyemsikia akieleza kwa hamu jinsi bonde lilivyokuwa zamani alisimama mahali fulani kwenye mstari huo, na nyuma yake alikuwapo aliyekwisha hamishwa.

Shosho alitoka pale shambani Januari 2008 kwa lori, na gunia la nguo na kuku wawili. Hakurudi. Anaishi Nakuru mjini kwa mwanawe, chumba kinachotazama ukuta. Nyumba ilichomwa, mabati yaliyosalia yakachukuliwa, mawe ya msingi yakabebwa na wenye kujenga kwingine. Nilipoenda kuyaona mahame yake nilitarajia kupotea, kwa kuwa hapakuwa na alama tena. Mwerezi wa mpakani ulikuwa umekatwa. Sikupotea. Katikati ya malisho mafupi palikuwa na mubangi umesimama kwa umbo la boma letu, mrefu kupindukia mahali pamoja, mfupi mahali pengine, na uwazi palipokuwa na uwanja wa kuanikia nafaka, uliokandamizwa na nyayo zetu miaka mingi hata mmea ukashindwa kuupenya.

Kogo alikuwamo humo, na panga dogo, anakata. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini alinijua kabla sijasalimu. Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Hatukusema yale ambayo huenda tulipaswa kuyasema. Nilimuuliza kama kuku bado wanasumbuliwa na utitiri.

"Hawaachi," akasema. Kisha akanionyesha kwa panga pale ulipokuwa mrefu kuliko wote. "Kata hapa, mjukuu. Hapa pa shosho yako ndipo unanona. Mbolea ya ng'ombe zake bado iko chini."

Palikuwa zizi. Miaka yote ile, mvua zote zile, na udongo ulikuwa bado unamlipa mwenyewe asiyekuwapo, kwa sarafu ya mmea usiotakiwa. Je, huko ni kukumbukwa? Udongo haukumbuki, una naitrojeni tu, una samadi iliyooza. Ninajaribu kujishikilia kwenye maelezo hayo na hayanishiki. Mtu alizoa samadi kwa mikono yake asubuhi baada ya asubuhi, na jumla ya asubuhi hizo ilikuwa imesimama mbele yangu, inanizidi kimo, inanuka, imejaa nyuki.

Nilikata fungu nikamletea shosho. Alilipokea kwa mikono yote miwili akalisogeza puani. Nilidhani atalia, lakini akaanza kuliuliza maswali fungu lile, yaani aliniuliza mimi huku akilitazama lenyewe: limetoka upande wa zizi au wa jikoni? Kijito kina maji? Yule mama, magoti yanamruhusu kushuka bondeni? Nikamjibu yale niliyoyajua. Kuku hana tena. Fungu likakaa mvunguni mwa kitanda hadi likapukutika, na mbegu zikaingia kwenye zulia, na mke wa mjomba akawa anazichomoa kwenye soksi za watoto, watoto ambao hawajawahi kufika Molo.

Siku hizi vijana wanaokodi mashamba kule hawapalilii kwa jembe. Hupuliza dawa kabla ya kupanda, na mstari unabaki mtupu, udongo umekaa kimya bila harufu yoyote. Kwingine pamepimwa viwanja, hamsini kwa mia, vigingi vimepigwa. Mubangi utapungua humo, na sitadai kwamba utaisha, maana barabara zipo na soksi zipo. Lakini inanishangaza kwamba nimeanza kuuombea. Ulikuja juu ya msiba wa watu wengine, ukafanyika harufu ya utoto wangu, ukasimama kwenye msiba wetu, na sasa nao unasukumwa pembeni. Nikiulilia, ninalilia nini hasa? Zizi? Nyasi ambazo ulizikuta zimeshapasuliwa? Watu waliohamishwa 1904, ambao sikuwahi kuwalilia kwa machozi haya?

Madalali humpigia shosho simu. Kipande kile kina bei nzuri sasa, lami imekaribia. Yeye husikiliza hadi mwisho kwa adabu, akashukuru, akakata. Hajauza, na hajasema atarudi. Mvua ndefu zikianza, akipata mgeni aliyetoka upande ule, humuuliza kama mubangi umeshaota. Na akiambiwa umeota, huuliza umefika wapi.